Mbivu na Mbichi ya Miligramu Saba

Mafundi seremala wa Keko, Dar es Salaam, wakishamimina gundi ya chupa mbili kwenye ufa wa mbao husema, "Iache ikauke." Chupa moja ni resini ya epoksi, nzito na angavu kama asali iliyochujwa. Ya pili ni hadina, nyepesi, yenye harufu kali inayopanda puani. Siku moja nilisimama pembeni ya fundi aliyekuwa akiziba ufa mrefu kwenye ubao wa mninga. Alipomaliza aliliweka chini kopo la plastiki lililobaki na mchanganyiko kama robo, akaendelea na shughuli nyingine. Haikupita nusu saa kopo likaanza kufuka moshi. Ubavu wake ulilegea ukajikunja, na kilichokuwa ndani kikageuka njano, kimepasukapasuka kama udongo wa kiangazi. Ule ufa wa mezani, uliojazwa kutoka kopo hilohilo, ulikuwa bado unanata kidoleni. Nilimwuliza fundi sababu. "Koponi imejazana," alisema. "Joto lake halina pa kutokea."

Jibu hilo nilikaa nalo muda mrefu. Ndilo lililonifanya niombe ruhusa ya kukaa siku mbili katika maabara ya chuo kimoja jijini, nimtazame mtaalamu ambaye kazi yake ni kulipima joto hilo.

"Haikauki, kaka," aliniambia kabla sijavuta kiti. "Inaiva."

Nilidhani ananisahihisha lugha, kumbe ananifundisha kemia. Kinachokauka hupoteza kitu: nguo kwenye kamba hupoteza maji, dagaa juani hupoteza maji, rangi ya maji ukutani vilevile. Epoksi haipotezi chochote. Molekuli ya resini ina pete ndogo miishoni mwake, kaboni mbili na oksijeni moja, zimebanwa pembetatu kama upinde uliovutwa. Hadina, ambayo hapa ni ya jamii ya amini, ina hidrojeni ziwezazo kuifungua pete hiyo. Pete inapofunguka molekuli mbili hushikana, na mkazo uliokuwamo hutoka ukiwa joto. Pete baada ya pete, vimiminika viwili huwa wavu mmoja usioyeyuka tena. Pierre Castan wa Uswisi na Sylvan Greenlee wa Marekani ndio waliofungua njia ya resini hizi katika miaka ya 1930 na 1940, kila mmoja kwake, na leo zimo kwenye rangi za meli, kwenye bodi za ndani ya simu na kwenye mapanga ya mitambo ya upepo.

Basi anayetaka kujua resini imeiva kiasi gani ahesabu joto lililokwisha kutoka. Hoja nzima ya ufundi huu ni hiyo, na haichukui pumzi mbili kuisema. Kuitenda ndiko kulikonikalisha kimya siku mbili.

Mashine haina sura ya kutisha. Ni sanduku jeupe lenye ukubwa wa jiko la maikrowevu, na maabarani huitwa kwa herufi zake tatu, DSC. Ukiinua kifuniko chake unaona tanuri ya fedha isiyozidi kikombe cha kahawa, na ndani ya tanuri vituo viwili vya duara vilivyo pacha. Kimoja hupokea kisahani chenye sampuli, kingine kisahani kitupu. Tanuri huvipasha vyote kwa mwendo mmoja, na mashine hupima ni joto kiasi gani linaingia au kutoka upande wa sampuli kuliko upande wa kisahani kitupu. Henry Le Chatelier alikuwa akipasha udongo na kufuatilia mienendo ya joto lake huko Ufaransa tangu mwaka 1887. Kipimo cha namna hii, chenye visahani viwili na hesabu ya joto lenyewe, kilitoka Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa kazi ya Watson na O'Neill wa kampuni ya Perkin-Elmer.

Kazi ya siku zile mbili ilikuwa ya mchanganyiko, na kiungo kimoja ni mwenyeji wa hapa kwetu. Ganda la korosho lina mafuta mazito ya rangi ya kahawia yanayobabua ngozi. Kila aliyewahi kubangua korosho Mtwara au Lindi anayajua kwa vidole vyake. Yakipashwa moto, asidi iliyomo hupoteza kaboni dayoksaidi na kubaki kadanoli, molekuli yenye pete ya fenoli na mkia mrefu wa kaboni 15. Wanakemia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wameyachunguza mafuta haya kwa miaka mingi. Ng'ambo, kadanoli hutengenezewa hadina za rangi za meli, kwa kuwa huivisha rangi hata penye baridi na unyevu. Inaniuma kwamba sehemu kubwa ya korosho zetu husafirishwa ghafi, ganda likaenda na mafuta yake.

Kadanoli inaweza pia kuvalishwa pete ya epoksi na kuchanganywa na resini ya kawaida. Hapo resini huwa nyepesi kumiminika, na ule mkia mrefu huipunguzia ukavu wa kioo. Swali la mtaalamu wangu ni la bei ya ulaini huo. Ukitia sehemu 10 katika 100, au 20, au 30, mchanganyiko unaiva wote? Unaiva kwenye nyuzi ngapi, kwa muda gani? Na ukishaiva, unahimili joto kiasi gani kabla ya kulegea?

Alianza na resini kuu. Chupa ilikuwa imeganda nusu, nyeupe kama asali ya zamani iliyofanya chenga, kwa sababu resini hii ikikaa kwenye baridi ya kiyoyozi hujenga fuwele. Wapo ambao wangechota pale palipo majimaji wakaendelea. Yeye aliitia chupa kwenye oveni ya nyuzi 60 akaisubiri saa nzima mpaka ikawa angavu kutoka juu hadi chini, akaikoroga taratibu, akaiacha ipoe. "Zile chenga ni resini iliyo safi kuliko hiyo ya juu," alisema. "Nikichota juu tu, nimechota kitu kingine." Asubuhi yake ya kwanza ilikwisha hivyo, na hakuonekana kuihesabu kuwa imepotea.

Kisha hesabu, kwa penseli, kwenye daftari. Lebo ya resini ilisema 190, maana yake gramu 190 zina mole moja ya pete. Lebo ya kadanoli ilisema 450. Hadina yake ni isoforoni-daiamini, molekuli yenye uzito wa 170.3 na hidrojeni 4 za kufanya kazi, kwa hiyo kila hidrojeni imebeba gramu 42.6. Gramu 10 za resini tupu zinataka gramu 2.24 za hadina. Gramu 9 za resini na 1 ya kadanoli zinataka 2.11. Saba na tatu, 1.85. Tarakimu hizi zinakaribiana mtu akadhani hazina maana. Angetumia 2.24 kwa zote, mchanganyiko wenye kadanoli nyingi ungebaki na hadina isiyo na mwenzi, wavu ungelegea, na lawama ingeiangukia kadanoli bila kosa. Nilimwona akirudia kila hesabu mara mbili, mara ya pili akianzia chini kwenda juu.

Kuchanganya kulifanyika ndani ya kabati la kuvutia hewa, amevaa glavu, kwa kuwa amini hizi huchoma ngozi na zikizoeleka mwilini huleta mzio usioondoka. Bika ndogo ilikaa juu ya barafu. Resini kwanza, kadanoli pili, zikakorogwa mpaka mistari ya mawimbi ndani yake ikatoweka. Hadina iliingia mwisho, tone kwa tone, huku mizani ikisoma. Tone la mwisho lilipofika 2.11 alitazama saa ya ukutani akaandika: saa nane na dakika saba. Tangu hapo resini imeanza kuiva, na kila kinachofuata kinakimbizana nayo.

Lakini mkono wake haukukimbia. Alikoroga dakika tano kwa kijiko bapa, akikwangua ubavu na chini ya bika, polepole asiingize hewa. Nikamsimulia kopo la Keko. Bila kuacha kukoroga alinipigia hesabu kwa mdomo: gramu moja ya mchanganyiko kama huu hutoa joule 400 na kitu, na kuipandisha gramu hiyo nyuzi moja kunataka kama joule 2. Joto likikosa pa kutokea, mchanganyiko unaweza kupanda nyuzi 200 juu ya pale ulipoanzia. "Fundi wako alisema kweli tupu," alisema. Ndiyo maana yeye huchanganya gramu 12 tu, tena juu ya barafu.

Sasa nifike kwenye hatua ambayo ningeweza kuitazama siku nzima.

Kisahani ni cha alumini, upana wake milimita 5 hivi, chembamba hata pumzi inakipeperusha. Hakishikwi kwa kidole, maana mafuta ya kidole yana uzito na yakipashwa hutoa alama yake kwenye mchoro. Alikichukua kwa kibano, akakipima pamoja na kifuniko chake kwenye mizani yenye vioo pande zote, inayosoma hadi sehemu ya mia ya miligramu. Alifunga vioo, akaondoa mikono mezani, akasubiri tarakimu zitulie. Kisha akachovya ncha ya sindano kwenye mchanganyiko. Resini ilipanda kwenye ncha ikafanya tone, likaning'inia. Alilisogeza juu ya kisahani, akaligusisha katikati ya sakafu yake, akaivuta sindano juu wima. Uzi mwembamba ulinyooka kati ya ncha na tone. Hapo ndipo kazi huharibika, kwa sababu uzi huo ukianguka kwenye ukingo wa kisahani, kifuniko hakitabana na mvuke utapata pa kutokea. Alisimamisha mkono hewani. Hakutikisika wala hakuvuta. Alingoja uzi ukonde wenyewe, ukatike wenyewe, na urudi ndani ya tone. Nilihesabu sekunde kumi na moja.

Mizani ilisoma 9.4. Akakitupa.

Cha pili kiligusa ukingo. Akakitupa bila neno. Cha tatu, kilichokuwa 51.29 kikiwa kitupu, kilisoma tone la 7.02, akakubali. Punje ya mchele ina uzito wa karibu mara tatu ya hapo. Nilimwuliza kwa nini ajitese na kidogo hivyo wakati bika imejaa. Alinirudisha Keko: sampuli ikiwa kubwa hujipasha yenyewe, katikati yake ikawa na joto kuliko pembeni, na mashine ikasoma halijoto ambayo sampuli haina. Ikiwa ndogo mno, ishara yake hufifia. Tena anataka sampuli zake zote zikaribie 7, ili zikilinganishwa tofauti iwe ya mchanganyiko, isiwe ya kipimo.

Aliweka kifuniko juu, akakiingiza kisahani kwenye kibanio cha mkono, akashusha mpini mara moja. Kilitoa mlio mdogo kama wa punje ya pilipili manga ikivunjwa kwa jino. Akakitoa, akakigeuza chini ya lenzi kuangalia kitako. Kitako kilichobonyea hakikai sawasawa kwenye kituo, na joto hupita vibaya. Kilikuwa bapa. Aliandika uzito wa jumla, 58.31, na namba ya kisahani, 1.

Mashine ilikuwa tayari tangu asubuhi, kwa kuwa kabla ya yote aliijaribu kwa indiamu. Ni metali laini inayokatika kwa wembe, nayo huyeyuka kwenye nyuzi 156.6 na kumeza joule 28.45 kwa kila gramu, mwaka nenda mwaka rudi, popote duniani. Mwenye duka mwaminifu huanza siku kwa kuangalia mawe ya mizani yake, na indiamu ndiyo jiwe la mizani hii. Siku ile ilisoma 156.6 na 28.5. Ingesoma 157.5 asingefungua hata chupa.

Kisahani namba 1 kiliingia kituoni, pacha wake mtupu upande wa pili. Naitrojeni ilipita polepole, mililita 50 kwa dakika, kufukuza oksijeni isije ikaunguza resini penye joto kali. Tanuri ilishuka mpaka nyuzi 50 chini ya sifuri, ikatulia, ikaanza kupanda nyuzi 10 kila dakika kuelekea 250. Safari ya nusu saa.

Mstari ulianza kutambaa kwenye skrini. Kwa muda haukuwa na habari. Kisha, bado chini ya sifuri, ulifanya kingazi kidogo: resini mbichi, iliyokuwa imegandishwa kama kioo na ile baridi, ilikuwa inalegea na kuwa kimiminika. Ukanyooka tena. Ulipovuka nyuzi 60 alisogeza kiti. Mstari ulianza kuinama kwa haya sana, hata nilikuwa sijauona alipokwisha kuuonyesha kwa kalamu. Kisha ukaondoka kwa kasi, ukafika kilele karibu na nyuzi 110, ukaanza kushuka upande wa pili kwa mteremko mrefu, mvivu, uliokuja kukutana na usawa wake karibu na 200. Kando ya mchoro alikuwa amechora mshale unaoonyesha upande wa joto linalotoka, kwani mashine nyingine huliandika juu na nyingine chini, na mchoro usio na mshale umewahi kumpoteza mtu.

Kile kilima ndicho kopo la Keko. Eneo lililo chini yake ni joto lote lililotolewa na miligramu 7.02: joule 3 hivi, zinazotosha kupandisha gramu moja ya maji pungufu ya nyuzi moja. Mashine ilikuwa imelisikia lote.

Mtu angedhani hapo kompyuta inamaliza. Programu ina kitufe cha kuchora mstari wa msingi na kutoa jibu, naye hakukigusa. Eneo la kilima linategemea unapouweka mguu wake wa kushoto na wa kulia, na resini haikuwekei alama kusema hapa nimeanza, hapa nimemaliza. Ukianzia nyuzi 70 badala ya 50 umekata mguu. Ukiishia 180 umeacha mkia. Alikuza mchoro mpaka mstari ukawa na mikwaruzo, akaweka rula ya kioo kwenye skrini kutafuta pale unapoachana kweli na unyoofu, akachagua. Akafuta. Akachagua tena bila kutazama alipochagua kwanza. Majibu mawili yakapishana chini ya asilimia moja, akayakubali. Kama nalazimishwa kutaja mahali pamoja ambapo ufundi huu unakaa, nitataja hapo, kwenye jicho linalokataa kuamini mara moja.

Kisha alipoza kisahani kilekile na kukipasha upya, bila kukifungua. Hii ndiyo safari ya kujua mbivu na mbichi. Resini iliyobaki mbichi ingetoa kilima kingine, hata kidogo. Hakikutokea kilima. Kilitokea kingazi kimoja safi, juu ya nyuzi 100, mahali ambapo wavu ulioiva unaacha ugumu wa kioo na kuanza kulegea. Kwa resini tupu na hadina hii kingazi hicho huwa karibu nyuzi 150 au zaidi. Kadanoli hukishusha, kwa kuwa mkia wake hupanua nafasi kati ya nyuzi za wavu, na pia kwa kuwa molekuli yake imeshikwa upande mmoja tu. Wahandisi hukisubiri kingazi hiki kuliko kitu kingine: kifaa kitakachokaa penye joto la nyuzi 90 hakitengenezwi kwa resini inayolegea kwenye 80.

Kingazi kilikuwa kimoja, nacho kina maana yake pia. Mchanganyiko uliotengana ndani kwa ndani, kama mafuta na maji, huonyesha vingazi viwili, kila sehemu na chake. Hata hivyo hakuridhika na mchoro peke yake. Alichukua kipande alichokiivisha pembeni kwenye umbo la kidonge, akakiinua dirishani. Kilikuwa na rangi ya chai ya rangi, na gazeti lilisomeka nyuma yake. Kilichotengana huwa na ukungu.

Siku ya pili ilikuwa ya mwendo. Mchanganyiko mpya uliochanganywa alfajiri, kisahani kipya, safari ileile, lakini tanuri ikipanda nyuzi 2 kwa dakika. Kisha 5, kisha 10, kisha 20. Safari ya 20 huisha kwa robo saa. Ya 2 huchukua saa mbili na nusu, na yeye hukaa. Kilima huhama. Ukipasha polepole resini hupata muda wa kuiva mapema, na kilele huja karibu nyuzi 80. Ukiipasha kwa haraka, halijoto huitangulia, na kilele hupita 120. Mwaka 1957 Homer Kissinger wa Marekani alionyesha namna ya kuutumia uhamaji huo: andika logi ya mwendo uliogawanywa kwa mraba wa halijoto ya kilele, dhidi ya moja kugawanya kwa halijoto hiyo, na nukta zitakaa kwenye mstari. Mwinamo wa mstari hukupa kizingiti cha nishati ambacho kila pete lazima ikivuke ili ifunguke. Kwa epoksi na amini huwa kilojoule 50 hadi 60 kwa mole. Nilimtazama akiweka nukta nne kwa penseli kabla ya kuiachia programu. Tatu zilikaa sawa, ile ya nyuzi 2 ikaponyoka kidogo. Hakuifuta, wala hakuirekebisha. Aliandika pembeni, "rudia", na kurudia kwake ni saa mbili na nusu nyingine.

Mwisho wa mchana alijaribu njia tofauti: kuirusha tanuri mpaka nyuzi 80 na kuishikilia hapo. Nilitarajia joto liwe kali mwanzoni, lifie polepole, kama mkaa. Halikufanya hivyo. Lilianza dogo, likapanda kwa dakika kadhaa, kisha ndipo likashuka. Sababu yake ni nzuri: kila pete inayofunguka huacha nyuma kundi dogo la oksijeni na hidrojeni, na kundi hilo husaidia pete inayofuata kufunguka. Resini hujihimiza. Baadaye hujizuia, kwa sababu wavu unavyokaza ndivyo kile kingazi cha kulegea kinavyopanda. Kikifika nyuzi 80, halijoto ya tanuri yenyewe, mchanganyiko huwa kioo hapohapo ulipo na molekuli hukwama kabla ya kukutana. Ukiishia hapo una kitu kigumu, kizuri kwa macho, nacho ni kibichi. Alikipasha kisahani hicho mpaka 250, na kilima kidogo kikainuka kukishitaki.

Kuna jambo ambalo mashine hii hailisikii, naye ndiye aliyenionyesha. Wakati fulani kimiminika hugeuka jeli, kisimiminike tena, na mstari kwenye skrini hauonyeshi chochote. Hesabu ya Flory na Stockmayer, kwa hadina yenye mikono minne na resini yenye miwili, inasema hutokea pete zikiwa zimefunguka kama asilimia 58. Kwa hiyo alikuwa na mirija ya majaribio kwenye mafuta ya moto, na kijiti cha mbao. Kila baada ya nusu dakika alichovya na kuvuta. Resini ilifuata kijiti kwa uzi mrefu kama mlenda. Ikafuata kwa uzi mfupi zaidi. Mara uzi ukakatika na kurudi kwa mkunjo, kama mpira. "Sasa," alisema, akabonyeza saa. Karibu na mashine ya mamilioni ya shilingi kulikuwa na kijiti cha mbao, na vyote viwili viliheshimiwa sawa.

Michanganyiko minne, miendo minne, kila kipimo mara tatu: visahani 48, bila kuhesabu vilivyotupwa. Joto la kila kimoja litagawanywa kwa idadi ya pete zilizokuwamo, si kwa gramu tu, kwa kuwa mchanganyiko wenye kadanoli nyingi una pete chache na lazima utoe joto dogo hata ukiiva wote. Joto kwa kila pete likibaki lilelile kutoka mchanganyiko wa kwanza hadi wa nne, atajua kadanoli haikuacha pete nyuma. Nilipoondoka alikuwa amefika kisahani cha 13.

Kabla ya kufunga maabara jioni ile alivipima upya vyote vilivyopita tanurini, kimoja kimoja, kwa kibano, vioo vya mizani vimefungwa. Cha 9 kilikuwa kimepungua miligramu 0.4. Kifuniko chake kilivuja na hadina ikatoroka. Mchoro wake ulikuwa mzuri kuliko yote ya siku ile, mlaini, mfano wa kitabuni. Aliupigia mstari mwekundu.

Cha 1 kilipimwa mwisho. Kabla ya tanuri kilikuwa 58.31. Baada ya kupanda mara mbili hadi nyuzi 250 na kutoa joto lake lote, mizani ilisoma 58.31.